Gurudumu Lisiloanguka

Ndugu msomaji, kama umekulia uswahilini, sheria ya kibanda umiza unaijua: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba katikati ya reli, lakini mwisho wa picha atatokea anapepesuka, shati limechanika, na sisi tuliobanana kwenye mabenchi tutapiga makofi kana kwamba tulikuwa na wasiwasi naye. Kwetu Mbagala kiingilio kilikuwa shilingi mia, joto lilikuwa la bure. DJ alitafsiri picha kwa Kiswahili chake mwenyewe, na ukimsumbua kwa kumwuliza nani atakufa, jibu lilikuwa lilelile: "We tulia dogo, steringi hafi."

Kulikuwa na picha za aina moja tu zilizonivuruga kichwa kuhusu sheria hiyo. Ni zile zinazotokea kwenye viwanja vya mabembea vya Marekani: magurudumu makubwa yenye taa, farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, nyumba za vioo, nyumba za mashetani, na mfalme wao rolakosta, yule kitreni anayepandishwa taratibu hadi kileleni kisha anaachiwa kama jiwe. Humo watu walikufa kwa mafungu, na ukimtafuta steringi humwoni. Macho yote yako kwenye chuma. Unasikiliza chuma kinavyolia, unatazama kinavyotikisika, unasubiri kitafanya nini. Kile chuma ndicho steringi, tena ndicho adui.

Na cha kuchekesha ni kwamba sisi tulikiona kikianguka kabla hatujakiona kimesimama. Mtoto wa Marekani anapanda rolakosta kwanza, ndipo anakwenda sinema kuitazama ikimwaga watu. Mimi nilianza na kumwagwa. Nilipoiona picha ya "Final Destination 3" ya mwaka 2006, nilikuwa sijawahi kuona rolakosta hata kwenye kalenda. Kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba mtambo ule umeundwa kwa ajili ya kuua, kama kitanzi, na kwamba Wazungu wanajua hivyo na wanakwenda tu.

Tangu hapo nimekuwa nikizifuatilia picha hizi, za zamani na za karibuni, kwenye CD za kuazima na kompyuta za watu. Washikaji wananicheka. Wanasema mtu anayejiita mwandishi anapotezaje muda na picha za watoto kupiga kelele. Ninayo sababu, na nitaifikia. Kwanza tuzitazame zenyewe.

Tuanze na tiketi. Mtu anaponunua tiketi ya kupanda mtambo wa kutisha anafunga mkataba wa ajabu: nitishe, tena unitishe sana, lakini unirudishe chini mzima. Sehemu ya kwanza imeandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa. Sehemu ya pili haikuandikwa popote, lakini bila hiyo hakuna ambaye angetoa hata senti. Picha ya kutisha hufanya jambo moja: inauchana mkataba huo katikati ya safari, wakati mkanda wa kiti umeshafungwa. Ndiyo maana inauma kuliko picha ya zimwi la porini. Porini ulikwenda kwa miguu yako, na kwa miguu hiyohiyo unaweza kukimbia. Kwenye kiti umefungwa na mtu, na mtu huyo ndiye uliyempa pesa yako.

Wenye viwanja walijua tangu zamani kwamba maafa yanauzika. Kule Coney Island, New York, kiwanja cha Luna Park kilifunguliwa mwaka 1903, cha Dreamland mwaka 1904. Watu hawakwenda kupanda mabembea tu. Walilipa kutazama jengo la ghorofa likiwaka moto, watu wakilia madirishani, wazimamoto wakifika mbio na farasi, na wale wa juu wakirukia nyavu huku wakishangiliwa. Walilipa kutazama mji wa Pompeii ukifunikwa na volkano. Walilipa kutazama mji wa Galveston ukimezwa na mafuriko, mafuriko ambayo mwaka 1900 yalikuwa yameua kweli maelfu ya watu. Na mwaka 1907 kiwanja kingine cha hapohapo, Steeplechase, kilipoteketea kwa moto wa kweli, mwenyewe, George Tilyou, hakukaa kulia. Alitoza senti 10 kwa kila aliyetaka kuingia kutazama magofu yakifuka moshi. Bwana huyo angezaliwa Kariakoo angekuwa na maduka mtaa mzima!

Lakini tazama kilichofuata. Machi 25, 1911, katika mji huohuo wa New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanyakazi, wengi wao wasichana wadogo, waliruka kutoka ghorofani, na nyavu za wazimamoto zikapasuka. Walikufa watu 146. Zile nyavu za maonyesho zilizokuwa zikimdaka kila mtu, siku ya kazi halisi hazikumdaka mtu. Miezi miwili baadaye, usiku wa kuamkia Mei 27, ikaungua Dreamland yenyewe, wala haikujengwa tena. Moto ulianzia kwenye safari ya mashua iliyoitwa Hell Gate, yaani Lango la Jehanamu. Unadhani ni ibilisi gani aliyeuwasha? Mafundi walikuwa wakiziba mahali panapovuja kwa lami ya moto, msimu ukiwa ndiyo unaanza. Taa zikazimika, ndoo ya lami ikamwagika gizani. Basi. Jehanamu ya kulipia tiketi iliunguzwa na ndoo ya kibarua aliyekuwa akiwahi asubuhi.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama picha hizi kwa jicho jingine. Nikaacha kumtazama anayepiga kelele kwenye kiti, nikaanza kumtafuta aliyeshika wenzo.

Mtafute katika "Strangers on a Train" ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1951. Mwishoni watu wawili wanapigana juu ya bembea la farasi wa mbao. Askari anafyatua risasi, inamkosa anayewindwa, inampata mwendesha bembea. Anaanguka juu ya wenzo, na bembea linaanza kuzunguka kwa kasi ya kichaa, watoto wakiwa juu. Kisha mzee mmoja, mfanyakazi wa palepale, analala kifudifudi na kutambaa chini ya sakafu inayozunguka ili akaifikie breki. Yule aliyetambaa hakuwa hila ya kamera, alikuwa mtu kweli chini ya mtambo kweli, na Hitchcock mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba jambo kama lile hatalirudia. Sasa niambie: mwendesha bembea aliyeuawa na polisi jina lake nani? Picha haikwambii. Na mzee aliyetambaa? Naye hivyohivyo. Wenye majina ni wale wawili wanaopigana juu.

Mtafute kwa Michael Crichton, ambaye kiwanja cha starehe alikiandika mara mbili. Mwaka 1973 aliandika na kuongoza "Westworld": matajiri wanalipa dola 1,000 kwa siku kucheza ucowboy na maroboti yanayofanana na watu. Yul Brynner ni roboti mwenye bastola, mweusi wa nguo, anayetembea bila haraka kwa sababu anajua atakufikia. Kibandani tungemkumbuka huyo tu. Mimi kinachonitisha ni kikao. Mafundi wanakaa mezani, mkuu wao anaeleza kwamba hitilafu zinaenea kutoka roboti hadi roboti mfano wa ugonjwa wa kuambukiza. Anataka pafungwe. Wenzake hawataki. Wanafikia uamuzi wa watu wazima wenye busara: wageni wapya wasipokelewe, ila waliomo ndani wamalizie siku zao. Waliomo ndani wamalizie! Baadaye umeme unakatika, milango ya chumba cha mitambo inagoma kufunguka, na mafundi haohao wanakufa humo kwa kukosa hewa. Brynner hakuwagusa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Steven Spielberg akatengeneza "Jurassic Park" kutokana na kitabu cha Crichton cha mwaka 1990. Hiyo kila mtu ameiona, kwa hiyo nitauliza swali moja tu: inaanzaje? Inaanza usiku, kwa kibarua wa kufungua lango la kizimba. Anavutwa ndani, anakufa. Hatumwoni tena, lakini picha nzima inaendeshwa na yeye. Familia yake inadai dola milioni 20, wenye bima wanaingiwa na hofu, mwanasheria anatumwa kukagua, wataalamu wanaitwa. Yaani wale wote wenye majina wanapanda helikopta kwenda kisiwani kwa sababu ya mtu mmoja wa getini. Na mzee Hammond, mwenye kisiwa, anajisifu kwa kila mgeni kwamba hakubania gharama yoyote. Kweli hakubania: chakula kizuri, magari yanayojiendesha, sauti za kueleza kila kitu. Alipobania ni kwa mtu mmoja, yule mnene wa kompyuta anayelalamikia malipo, ambaye mitambo yote iko mikononi mwake. Dinosau hawakuuvunja uzio. Mtu aliuzima.

Ziko nyingine ambazo haziendi njia hii, na sizidharau. "Carnival of Souls" ya mwaka 1962, iliyopigwa kwenye jengo la starehe lililotelekezwa la Saltair karibu na Salt Lake City kwa pesa kidogo sana, inatisha bila mtambo wowote kuanguka. Panatisha kwa sababu watu walipafurahia, sasa hawapo. "Us" ya Jordan Peele, ya mwaka 2019, inamwingiza mtoto peke yake kwenye nyumba ya vioo huko Santa Cruz, na kinachotoka humo kinatosha kukunyima usingizi wiki nzima. Hizo ni picha za mizimu, za nafsi. Mimi leo nazungumzia chuma.

Na kwenye chuma ndipo ninapogombana na "Final Destination 3", ingawa ndiyo iliyoniingiza kwenye ugonjwa huu. Ile rolakosta inaanguka kwa sababu Mauti imeamua. Mafuta ya mtambo yanavuja, kamera ya kijana inadondoka relini, viti vinafunguka, na nyuma ya yote hayo hakuna mtu, kuna Mauti tu inayotekeleza orodha yake. Ukifikiri vizuri, hiyo ni picha nzuri sana kwa mwenye kiwanja. Hakuna wa kuulizwa. Sisi tuna msemo wetu wa kazi hiyo, si unaujua? Ajali haina kinga. Unasemwa mara tu baada ya vumbi kutulia, kwa sauti ya upole, na mara nyingi anayeusema ni yule aliyekuwa na kinga mkononi.

Mei 11, 1984, katika kiwanja cha Six Flags Great Adventure, New Jersey, iliungua nyumba ya kutishia watu iliyoitwa Haunted Castle. Walikufa vijana 8. Nyumba ilikuwa imeundwa kwa matrela yaliyounganishwa, na haikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji moto unapozuka. Kampuni ilishtakiwa na mahakama haikuiona na hatia. Sitaki kujifanya hakimu. Nasema tu kwamba humo ndani kulikuwa na mashetani wa kutosha, na kilichokosekana ni bomba la maji darini. Mwandishi anayeitazama nyumba hiyo halafu akaandika kuhusu shetani, amekosea mlango.

Sasa nifikie sababu yangu.

Ninaye kaka, mtoto wa mama mkubwa. Miaka ile alikuwa kwenye kundi la mabembea ya kuhamahama, yale yanayofungwa uwanjani wakati wa Idi na Krismasi, yakafunguliwa, yakapakiwa kwenye lori, yakaenda mji mwingine. Yeye alikuwa wa gurudumu. Gurudumu lenyewe halikuwa kubwa, vibehewa vinane, linazungushwa na injini ya zamani iliyofungiwa mkanda. Kazi yake ilikuwa kufunga nati linapojengwa, kutia grisi, kupakia watoto, kuzungusha, kushusha. Siku ya Idi pili, saa tisa alasiri, alisikia mlio. Ananiigia hadi leo: kha, kha, kha, kila kibehewa kimoja kikipita juu. Akasimamisha, akashusha watoto, akamfuata mwenye mali.

"Bosi, beringi imekwisha. Tulifungue leo, kesho tunaendelea."

"Kesho sikukuu imekwisha. Watoto wamejaa getini wewe unaniambia beringi?"

"Bosi, linalia."

"Lilianza kulia kabla hujazaliwa. Zungusha."

Kaka akaweka spana juu ya injini, akasema yeye hazungushi. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Akaitwa kijana mwingine, aliyekuwa akiuza tiketi. Gurudumu likazungushwa mpaka usiku.

Ndugu msomaji, najua unachosubiri, maana nami nimekulia kibandani. Halikuanguka. Watoto walipanda, wakashuka, wakaenda kununua koni. Usiku likafunguliwa, likapakiwa. Kaka aliambiwa asije tena, na ujira wake wa wiki hakuupata. Nyumbani mama mkubwa alisema kazi imemshinda. Mtaani wakampa jina, Mzee wa Beringi, na hilo jina lilimganda miaka. Leo anatengeneza pikipiki Charambe, na wapo wateja wa zamani wanaomwita hivyo wakidhani ni sifa ya ufundi.

Siku moja aliniambia, huku anafuta mikono kwa tambara: "Dogo, lile gurudumu lingeanguka leo mngeniita shujaa. Halikuanguka, basi mimi mwoga." Akainama kuendelea na kazi yake.

Nikaandika hadithi yake. Nikaipeleka kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi, tunaokutana Jumamosi kusomeana. Walisikiliza vizuri. Wakasema Kiswahili kimetulia, mazungumzo yanaingia. Halafu mmoja akauliza kwa nia njema kabisa: "Sasa, si uliangushe gurudumu?" Mwingine akamuunga mkono, akasema hadithi inapanda inapanda halafu haishuki. Wa tatu, dada ambaye namheshimu sana kwa mashairi yake, akajaribu kusuluhisha: "Angalau mtoto mmoja tu."

Mtoto mmoja tu! Tulicheka wote, na yeye akacheka. Lakini nilirudi nyumbani na neno hilo. Maana walikuwa wanasema kweli kuhusu hadithi. Katika masimulizi, bolti inayodondoka inaonekana, iliyokazwa haionekani. Aliyetabiri maafa anakuwa nabii pale tu maafa yanapokuja. Picha zote nilizozitaja zinamhitaji maiti ili zimwamini aliyeonya. Kumbe nilikuwa naombwa niue mtoto, hata wa karatasi, ili kaka yangu apate haki yake.

Ndipo nikakumbuka kwamba nilikwisha kuiona picha iliyojaribu njia nyingine. Inaitwa "Rollercoaster", ya mwaka 1977, imeongozwa na James Goldstone. Wakati wake ilijulikana kwa makelele: majumba ya sinema yaliwekewa spika kubwa za besi za mtindo wa Sensurround, viti vikatetemeka kana kwamba nawe umepanda. Lakini steringi wake ni nani? Si mwanajeshi, si polisi. Ni mkaguzi. Harry Calder, anayechezwa na George Segal, ni mtu wa serikali anayezunguka na mafaili kukagua usalama wa mabembea, ameachana na mkewe na anahangaika kuacha sigara. Kijana asiye na jina, Timothy Bottoms, sura ya upole kama ya mwalimu wa chekechea, anatega bomu kwenye reli, watu wanakufa, kisha anadai dola milioni moja kutoka kwa wenye viwanja. Rolakosta ya kwanza kuanguka ni ile ambayo Calder alikuwa ameikagua na kuipitisha. Anajua alichokikagua. Anajua chuma kile hakikuanguka chenyewe. Picha yote inasimama juu ya ujuzi huo mdogo, wa kiofisi, wa mtu anayejua bolti zake, na jitihada zake zote ni kuhakikisha kwamba jambo fulani halitokei. Mwishoni, kwenye rolakosta ya Revolution kule Magic Mountain, California, bomu linazimwa. Treni linapita, watu wanashuka. Nilijikuta nimekaa wima na jasho mikononi, na kilichonitoa jasho ni treni iliyofika salama.

Haikuwa picha kamilifu. Ni ndefu, na mwanzoni inaua watu ili ipate ruhusa ya kuwaokoa wengine mwishoni. Lakini ilinionyesha kwamba inawezekana. Mtazamaji anaweza kushikwa koo na kitu ambacho hakikuanguka, mradi umemwambia mapema ni nini kinachokishikilia na ni nani anayekijali.

Na kuna jambo moja juu ya picha hiyo ambalo nalipenda kuliko picha yenyewe. Ile ajali ya mwanzo ilipigwa kwenye kiwanja cha Ocean View, mjini Norfolk, Virginia, kwenye rolakosta ya mbao iliyoitwa The Rocket. Mwaka 1978 kiwanja kilifungwa. Mwaka 1979 walikuja watu wa televisheni kutengeneza picha ya maafa, "The Death of Ocean View Park", wakapewa ruhusa ya kuilipua Rocket kweli mbele ya kamera. Wakatega baruti. Kamera zikawashwa. Baruti zikalipuka, moshi ukapanda, na moshi ulipotawanyika Rocket ilikuwa imesimama palepale. Ilibidi wahangaike nayo tena ndipo ikaanguka. Wale waliopigilia zile mbao miaka mingi nyuma, mafundi ambao majina yao hayamo kwenye picha yoyote, walikuwa wamezipigilia hasa.

Baada ya kusoma habari hiyo nilikwenda Charambe. Nilimkuta kaka anafungua tairi. Nilikuwa na swali ambalo miaka yote sikuwahi kumwuliza, kwa sababu hadithi kwangu ilikuwa inaishia pale alipoweka spana juu ya injini.

"Kaka, ulipokataa kuzungusha, ulikwenda wapi?"

"Wapi? Nilikuwa palepale."

"Palepale wapi?"

"Nje ya kamba. Nilisimama mpaka injini ikazimwa." Akavuta tairi, akaliegemeza ukutani. "Nilikuwa nahesabu. Kila kibehewa kikipita juu linalia, nami nahesabu. Mtoto wa mwisho alishuka saa nne usiku. Alikuwa na puto."

"Lingeanguka ungefanya nini?"

"Sijui, dogo. Ila ningeendaje nyumbani?"

Saa saba, ndugu msomaji. Tangu saa tisa alasiri mpaka saa nne usiku, mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi, ambaye hakudaiwa na yeyote, amesimama nje ya kamba anahesabu watoto wa watu wakipanda na kushuka, na muziki unalia, na taa zinawaka, na hakuna mwingine pale uwanjani anayejua kwamba anatazama picha ya kutisha. Nimeona maroboti, nimeona dinosau. Sijaona picha inayofikia hiyo.

Hadithi nimeiandika upya. Nimemtoa bosi mapema, hana kazi ndefu humo. Sehemu kubwa sasa ni zile saa saba: kaka, kamba, mlio, na hesabu ya watoto. Jumamosi ijayo nitaisoma kikundini. Yule dada wa mashairi akiniuliza tena habari za mtoto mmoja tu, nitamwambia yupo, ameshuka saa nne, ana puto.

Na wewe mwenzangu unayeandika, unapokaa na hadithi yako ya maafa na mkono unakuwasha kuangusha kitu, nakuomba kwanza ulizunguke gurudumu kwa nyuma, kule kusiko na taa. Mwulize aliyepo pale amesikia mlio gani, na alimwambia nani.